Je, Kazi ya Uumbaji Imekwisha?

Mkulima mmoja wa Bendera, wilayani Same, aliyekuwa akiichunguza dini yetu, aliniuliza: "Sheikh, nyinyi mwasema Mungu angali akisema na waja Wake. Mbona tumefundishwa ya kuwa alimaliza kazi Yake zamani?" Nikamwomba tutoke nje.

Ulikuwa usiku wa Desemba usio na mwezi. Upande wa kusini, chini kidogo angani, palikuwa na vipande viwili vyeupe kama mawingu. Lakini mawingu hutawanyika, hivi havitawanyiki. Ndizo galaksi ndogo mbili, jirani za galaksi yetu, zinazoitwa Mawingu ya Magellan, kwa jina la baharia Mreno aliyefunga safari mwaka 1519 (ingawa wenyeji wa nchi za kusini waliyaona tangu kale). Lile Kubwa li umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, na lile Dogo kama 200,000.

Umri wa nyota hujulikanaje? Nyota kubwa ya buluu ni kama moto wa nyasi kavu: huwaka kwa nguvu, huisha upesi. Nyota ndogo nyekundu ni kama gogo lifukutalo. Basi nyota kubwa ya buluu ionekanapo, hiyo ni changa. Tena, chuma hupikwa ndani ya nyota na kutawanywa zinapokufa. Kwa hiyo nyota za kale kabisa zina chuma kidogo mno.

Kwa vipimo hivyo, katika Wingu Dogo kundi liitwalo NGC 121 lina umri wa zaidi ya miaka bilioni 10. Katika Wingu Kubwa, kundi la R136 lina miaka milioni 1 au 2 tu, na karibu yake gesi ingali ikikusanyika kuwa nyota mpya. Humo humo, Februari 1987, nyota moja ilionekana ikipasuka, hata kwa macho matupu.

Sura Ar-Rahman yafundisha kwamba kila siku Mwenyezi Mungu yumo katika jambo Lake. Sisemi kuwa nyota zathibitisha ufunuo. Ufunuo una ushahidi wake wenyewe. Lakini adaiye kuwa sifa ya Kusema imekoma, yampasa aeleze kwa nini sifa ya Kuumba haikukoma. Profesa Abdus Salam, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979, aliwakumbusha waalikwa karamuni Sura Al-Mulk, ituamrishayo kutazama mbingu mara ya pili.

Yule mkulima hakukubali usiku ule. Aliniuliza tu Wingu Dogo huonekana vizuri zaidi mwezi gani. Nikamjibu: Novemba, kama saa tatu usiku.