Ngoma za Kwetu na Mlio wa Mashine

Hapa Kanzenze mashine ya kusaga unga ikianza kunguruma, mtoto apitaye njiani huanza kutikisa kichwa bila kujijua. Huyo mtoto ametupa somo la leo: mlio wa mashine hugeukaje kuwa muziki wa kuchezwa, na ngoma za wazee wetu zimeingiaje ndani yake?

Kwanza tutazame asili. Jina la muziki wa viwanda lilianzia Uingereza mwaka 1976, kundi la Throbbing Gristle lilipoanzisha Industrial Records. Hao walitumia kelele, kanda za kunasia sauti na mitambo ya umeme. Miaka ya 1980, vijana weusi wa Detroit, mji wa magari huko Marekani, wakaunda tekno: pigo zito, moja kwa kila hatua ya mguu. Mtambo hauchoki, lakini pia haupumui.

Ngoma zetu zinapumua. Hapa Rwanda ishakwe, ngoma ndogo, hushika mwendo, na ngoma kubwa huuzungukia. Jaribu mwenyewe juu ya dawati. Hesabu polepole 1 hadi 6, tena na tena. Mkono wa kulia upige 1, 3 na 5. Wa kushoto upige 1 na 4. Mikono hukutana kwenye 1 tu, kisha kila mmoja hushika njia yake. Kukutana na kuachana huko ndiko kunakomwinua mchezaji.

Sasa zikutanishe ngoma na umeme. Huko Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa Konono No. 1 alitaka likembe yake, ndugu ya ikembe yetu, isikike katika kelele za mji. Akatengeneza vinasa sauti kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Sauti ilitoka ikikwaruza. Hakuikataa, ikawa ndiyo sifa ya kundi lake. Sahani yao Congotronics ilivuma Ulaya kuanzia mwaka 2005.

Kampala, mwaka 2017, wapigaji wa Nilotika Cultural Ensemble walijiunga na Waingereza wawili, wakaliita kundi lao Nihiloxica. Embuutu, ngoma kubwa ya Kiganda, na engalabi, ile ndefu, hupigwa na watu wenyewe, nacho kinanda cha umeme huvuma kama kiwanda usiku. Sahani yao ya mwaka 2020 iliitwa Kaloli, jina la yule ndege mkubwa aokotaye mabaki kwenye majaa ya Kampala. Jina lafaa: ndege huyo hupata chakula mahali ambapo wengine huona uchafu tu.

Lakini kuna jambo la kuangalia. Miaka ya 1960 Wafaransa walinasa sauti za wapiga ngoma wa Burundi. Mwaka 1971 huko Ufaransa ikatolewa sahani iitwayo Burundi Black: ngoma zile zile, zikiongezewa piano na gita. Wapigaji hawakuwapo chumbani. Hakuna aliyewauliza, “Hapa tuongeze nini, tupunguze nini?” Kule Kampala mpiga ngoma yumo kundini, na akisema mwendo umepotea, mwenye kinanda hana budi kumfuata. Tofauti ya kazi hizi mbili haimo katika waya wala mtambo. Imo katika nani ana neno.

Vijana, ngoma ya Burundi iliandikwa na UNESCO mwaka 2014, na Intore yetu mwaka 2024. Ni heshima kubwa. Hata hivyo karatasi haipigi ngoma. Simu uliyo nayo yaweza kunasa sauti. Basi mwendee mzee ajuaye kupiga, umwombe ruhusa, uandike jina lake, ndipo uguse umeme. Mgeni akija kesho na mtambo wake, akukute una jambo la kumfundisha.

Maswali
1. Kwa nini pigo la mtambo peke yake halitoshi?
2. Katika hesabu ya 6, mikono hukutana wapi?
3. Eleza tofauti ya kazi ya mwaka 1971 na ile ya Kampala.