Kabla ya kukagua chumba, kagua ploti

Nimelea watoto katika chumba kimoja Kibera, kisha Kawangware, na kila anayehamia huniuliza watoto watalala wapi. Hilo ni dogo. Fundi wa chuma atakuchomelea kitanda cha ghorofa chenye kizuizi juu, nguo zikae kwenye masanduku chini yake, na pazia zito ligawe chumba. Futi kumi kwa kumi haziongezeki hata ufanyeje.

Watoto huishi nje ya mlango. Kwa hivyo, kabla ya kutoa kodi na depositi, nenda kwenye ploti saa kumi jioni, shule zikishawaachilia watoto. Asubuhi kila ploti ni tulivu. Angalia kama geti hufungwa na kama mtaro umefunikwa. Angalia hasa wanaopika koridoni huweka majiko wapi. Sufuria ya maji moto naiogopa kuliko wezi. Na baridi ya Julai isikudanganye ulale na jiko la makaa ndani: hewa yake haina harufu, na inaua.

Uliza choo kinatumiwa na nyumba ngapi na usiku ufunguo hukaa kwa nani. Kikiwa nje ya geti, nunua poti yenye kifuniko siku hiyo hiyo.

Ukishaingia, piga hodi kwa majirani kabla hujahitaji chochote. Sisi Kawangware tulikubaliana mbele ya keateka, msimamizi wa ploti: jioni kamba za nguo zinasogezwa upande mmoja, mpira wa makaratasi ruhusa, wa ngozi hapana, na redio zinashushwa watoto wakifanya homuwaki. (Wababa ndio waliobisha kuhusu redio.) Mlio Kibera mna pia tawi la maktaba ya taifa, litumieni.

Wengine husema dawa ni maghorofa. Serikali ilipokabidhi nyumba 822 Soweto Mashariki, Kibera, mwaka 2016, familia zilipata choo na jikoni ndani, na hilo si jambo dogo. Lakini mama aliye juu hamwoni tena mtoto akiwa anasonga ugali. Mkihamia huko, pangeni zamu ya mtu mzima kukaa chini.

Nawe mwenye ploti, chumba unachotaka kuongeza pale uani kitameza uwanja pekee walio nao watoto wa wapangaji wako. Tafadhali usikijenge.