Kuona Si Kuonwa, Kusema Si Kusikika



Ajali nyingine hutokea gari likiwa zima na dereva hajalewa. Chanzo chake ni kutoonana na kutoelewana. Tujifunze mambo hayo mawili.

1. Kutoonana

Ni usiku. Mtu anatembea kando ya barabara ya Lindi, karibu na Nangurukuru. Amevaa nguo nyeusi. Gari analiona toka mbali, maana lina taa. Basi anadhani na dereva kamwona. Sivyo! Taa zikiinamishwa humulika kama mita 40 tu. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Mpaka lisimame, huhitaji mita 50 au zaidi. Dereva akimwona, amekwisha chelewa.

2. Kutoelewana

Lori liko mbele, basi liko nyuma. Lori linawasha indiketa ya kulia. Dereva mmoja huelewa: "Nakata kulia." Mwingine huelewa: "Usinipite, kuna gari linakuja." Ya kushoto nayo, huyu husema "Naegesha," yule husema "Haya, pita." Alama moja, maana mbili. Hapo ndipo watu hufa.

Hata marubani yamewapata. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani penye ukungu. Rubani mmoja alidhani ameruhusiwa kuruka. Mnara ulimwambia asubiri. Ndege ya pili nayo ikasema bado iko njiani. Lakini sauti hizo mbili zilitoka pamoja, zikavurugana redioni. Watu 583 walikufa. Baada ya hapo marubani walikazaniwa kurudia amri waliyopewa, ili ijulikane wameisikia sawasawa.

Tufanye nini?

- Usiku vaa nguo nyeupe, shika tochi. Tembea upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja.
- Usivuke kwa kuwa umeliona gari. Ngoja lipite.
- Dereva, indiketa ya mwenzio si ruhusa. Pita pale tu ulipoona mwenyewe kuwa njia ni nyeupe.
- Utingo akisema "Rudi nyuma!", dereva aitikie kwanza: "Narudi!" Usipomwona utingo, simama.

Maswali

1. Kwa nini mwenda kwa miguu huliona gari kabla dereva hajamwona?
2. Indiketa ya kulia ina maana gani kwa madereva wa kwenu? Waulizeni, kisha mjadiliane kijijini.