Baada ya Leza, Ngozi Hupona Nyumbani

Leza ya kuondoa ndevu, madoa au makovu ya chunusi humaliza kazi yake kwa muda mfupi. Kinachobaki ni jeraha la joto, na jeraha hilo litatunzwa nyumbani, mbele ya shangazi, jirani na dada wa saluni, kila mmoja na dawa yake. Kijitabu hiki ni chao pia.

Siku za mwanzo

Karatasi za kliniki husema ngozi itakuwa nyekundu. Kwa mtu mweusi wekundu huenda usionekane kabisa. Weka nyuma ya mkono wako palipopigwa leza usikie joto. Poza kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, dakika kumi hivi, kisha rudia. Barafu isiguse ngozi. Kwa siku mbili, mwingine ndiye asimame kwenye jiko la mkaa.

Kama ni leza ya kuondoa nywele, mara nyingi uvimbe na joto hutulia baada ya siku chache. Leza inayobandua tabaka la juu la ngozi ni jambo jingine: huacha kidonda kinachotoa majimaji, na ngozi mpya huchukua wiki moja hadi mbili kufunika.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kidonda lazima kikauke. Sivyo. Chembe za ngozi mpya husogea vizuri zaidi palipo na unyevu. Pakikauka, kigaga kigumu huzizuia, na kukibandua huacha alama. Nawa mikono, osha kidonda taratibu kwa maji safi ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa, halafu paka mafuta ya mgando kabla hapajakauka kabisa. Nunua kopo jipya. Lile la familia limechovywa vidole vingi mno.

Dawa ya meno, spiriti, ndimu na asali ya jikoni visifike hapo. Singo na liwa, kwa bi harusi, zisubiri mpaka ngozi ifunge na daktari aridhie.

Doa jeusi

Hili ndilo linalowasumbua zaidi watu weusi. Ngozi yenye melanini nyingi ikijeruhiwa huongeza rangi, na doa huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, wakati mtu ameshasahau leza. Jua hulizidisha. Kabla ngozi haijafunga, jikinge kwa kivuli, kofia pana au mtandio. Ikishafunga, paka kila asubuhi mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi. Yenye rangi ya ngozi iliyotokana na oksaidi ya chuma ni bora, kwa kuwa huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa.

Doa likitokea, mkorogo usiingie. Mara nyingi huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Zebaki huharibu figo. Steroidi huidhoofisha ngozi ambayo bado inajijenga. Doa kwa kawaida hufifia lenyewe kwa miezi, na anayetaka haraka amwone daktari wa ngozi.

Usingoje

Maumivu yanapaswa kupungua kila siku. Yakizidi baada ya siku ya pili au ya tatu, au ukiona usaha, harufu au homa, nenda hospitali. Saluni haina la kukusaidia. Vilengelenge vidogo vilivyokusanyika karibu na mdomo vinaweza kuwa hepesi iliyoamshwa na leza, na dawa yake, asiklovia, hufaa zaidi ikianzwa mapema. Aliyewahi kuugua hivyo, au mwenye asili ya keloidi kifuani, mabegani au masikioni, amwambie daktari kabla ya kuchomwa. Kovu likianza kuwasha na kuinuka, rudi mara moja: sindano ya steroidi ndani ya kovu hufanya kazi vizuri zaidi lingali changa.