Kayafa, Msafara na Daktari wa Karema



Leo fungua Yohane 11:50. Kayafa anashauri kwamba ni afadhali mtu mmoja afe kwa ajili ya watu wote. Ukisoma harakaharaka, si unaona kabisa kama anatanguliza manufaa ya wote? Sasa rudi nyuma, 10:18: Yesu anasema hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe. Msalaba ni uleule. Ila Kayafa anamtoa mwenzake, Yesu anajitoa. Mimi naona swali letu lote liko hapo.

Sisi wa Tabora tunaishi juu ya somo hili. Karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa kwenda Ujiji, na mingine ilirudi pwani na pembe za ndovu na watumwa. Mtumwa aliyeishiwa nguvu aliweza kuachwa njiani afe, au kuuawa, ili msafara usichelewe. Msafara ulifika, ndiyo. Kwa faida ya nani?

Ndiyo maana Katekisimu (KKK 1907), ikieleza manufaa ya wote, inaanza na heshima kwa mtu.

Halafu mtazame Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa. Wamisionari wa Afrika walimkomboa huko Algeria, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo alitibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Piga hesabu mwenyewe: miaka 67! Mtu aliyewahi kupangiwa bei sokoni aliwapa maisha yake watu wasio ndugu zake wa damu.

Kwa hiyo kijana atangulize wengine? Ndiyo, ila aanzie kwenye mfuko wake na muda wake, asianzie kwa mwenzake. Nimeshaona kwaya moja (siitaji) ikipitisha mchango wa sare kwa kura, eti kwa faida ya kundi, na binti anayeuza karanga kusaidia nyumbani akaacha mazoezi kimyakimya. Kura ilikuwa halali. Lakini walioshinda wangeweza kumchangia, na kwa kila mmoja ingekuwa hela ndogo tu.

Zoezi la wiki hii: kwenye jumuiya yenu, chukueni uamuzi mmoja wa karibuni. Nani aliumia zaidi, na je, aliulizwa?