Pikapu Inayonguruma Pasipo Kuongeza Mwendo
Namna ya kuipima giaboksi ya otomatiki kabla ya kuifungua

Mfanya biashara apakiaye magunia ya viazi katika pikapu yake kuukuu huiona kasoro hii kwanza mlimani. Akanyagapo petroli, injini hunguruma kwa nguvu, lakini gari haliongezi mwendo. Wengi hudhani ya kuwa injini imechoka, wakatoa fedha nyingi kuitengeneza bure. Injini iliyochoka hushuka sauti pamoja na mwendo. Sauti ikipanda na mwendo usipande, kinachoteleza ni giaboksi.

Giaboksi za otomatiki si jambo jipya katika magari ya mizigo. Tangu mwaka 1954 pikapu za Chevrolet ziliweza kununuliwa zikiwa na giaboksi ya namna hiyo, iitwayo Hydra-Matic. Gari kama hili halina klachi ya kukanyagwa kwa mguu. Ndani ya giaboksi mna pampu isukumayo oili, na oili hiyo ndiyo izibanayo sahani na mikanda ishikayo gia. Nguvu ya oili ikipungua, sahani huteleza, hupata moto, na mwisho huungua. Kwa hiyo uchunguzi wote na uanze kwenye oili.

Kwanza, kiasi cha oili. Katika magari mengi oili hupimwa injini ikiwa na moto na ikizunguka polepole, gari likiwa mahali palipo sawa, breki ya mkono ikiwa imefungwa na gia ikiwa kwenye P. Mengine hupimwa injini ikiwa imezimwa. Basi kitabu cha gari kisomwe kwanza. Kijiti cha kupimia kitolewe, kipanguswe kwa kitambaa safi, kirudishwe mpaka mwisho, ndipo kitolewe tena na kusomwa. Oili ikiwa haba, pampu hunyonya hewa. Ikizidi mno, huchapwa na gia ikafanya povu, na povu haliwezi kubana sahani. Oili hii haiungui kama petroli. Ikipungua, mara nyingi inavuja. Yatazamwe karai ya giaboksi na mabomba yaendayo kwenye rejeta.

Pili, rangi na harufu. Nyingi za oili hizi zikiwa mpya ni nyekundu. Ikiwa nyeusi tena yanuka kuungua, sahani zimekwisha kuungua, na oili mpya haitaziponya. Ikifanana na maziwa, maji yameingia, na mara nyingi hutoka kwenye rejeta. Gari lisiendeshwe tena.

Tatu, waya wa petroli. Magari mengi ya zamani yana waya utokao kwenye kabureta kwenda kwenye giaboksi. Ukilegea, nguvu ya oili yaweza kupungua, hata sahani zisizo na kasoro zikateleza. Kuurekebisha ni kazi ndogo, lakini ifuate kipimo cha kitabu.

Nne, gia yenyewe. Kuteleza kukiwa katika gia moja tu, yamkini kosa liko katika sahani au mkanda wa gia hiyo. Kukiwa katika gia zote, hata ya kurudi nyuma, zichunguzwe oili, kichujio na pampu. Fundi aweza kuthibitisha kwa saa ya kupimia nguvu ya oili. Akifungua karai, vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma ni dalili ya uharibifu.

Mambo matatu yaepukwe. Oili ya injini isitiwe mahali pa oili ya giaboksi. Mwenye gari asijaribu nguvu kwa kukanyaga breki na petroli pamoja, maana moto mwingi hutokea kwa muda mfupi sana. Wala asipakie shehena akitumaini kufika sokoni, kwani gari likishindwa katikati ya mlima, watu walio nyuma yake wamo hatarini.

Mara nyingine kosa ni chupa moja ya oili na bomba livujalo. Likiachwa, huwa giaboksi nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.