Dada, Sakafu ya Boti Yetu Inabonyea

Leo kona yetu inanuka rezini. Barua ya kwanza inatoka kwa mdogo wangu mmoja wa Bagamoyo, na nimeipa nafasi kubwa kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye jambo hili. Anaandika:

“Shikamoo dada. Mimi na mume wangu tulinunua boti ya faiba iliyotumika, ya futi 18. Tunabebea wageni, na siku nyingine tunawakodishia wavuvi. Sasa sakafu ya nyuma, karibu na mashine, ukiikanyaga inabonyea. Fundi wa kwanza kasema tulaze plaiwudi mpya juu yake, siku mbili kazi imekwisha. Wa pili kasema sakafu yote ing’olewe na mihimili ya chini ibadilishwe, na bei aliyotutajia imetutoa jasho. Mume wangu yuko upande wa yule wa kwanza. Mimi roho haijatulia. Nimsikilize nani?”

Marahaba mdogo wangu. Roho yako ina haki ya kutotulia. Nikujibu bila kuzunguka: msiweke ubao juu ya ubao. Kulaza plaiwudi mpya juu ya iliyooza ni kumvisha kanzu mpya mtu ambaye hajaoga. Mtakuwa mmeongeza uzito, mmefungia unyevu ndani, na mihimili ya chini itaendelea kuoza bila mtu kuiona. Lakini hata huyo wa pili msimkubalie kwa maneno matupu. Kabla ya kumlipa yeyote, toboeni.

Nieleze kwa nini. Boti nyingi za faiba za zamani si faiba tupu. Ganda la nje ni faiba, ila chini ya sakafu kuna mihimili mirefu, miwili au zaidi, inayotoka tezi, yaani nyuma, kwenda omo, yaani mbele. Mafundi wengine huiita stringa. Hiyo ndiyo inayolizuia ganda lisijikunje boti inapopigwa na wimbi, na ndiyo inayobeba sakafu. Katika boti nyingi mihimili hiyo ni mbao au plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba. Faiba ikiwa nzima, mbao hudumu miaka mingi. Adui ni skrubu. Kiti kimefungwa kwa skrubu, boksi la betri kwa skrubu, kishikio cha fimbo za kuvulia kwa skrubu, na kila tundu ambalo halikuzibwa ni mlango wa maji.

Tena maji ya mvua ndiyo mabaya zaidi. Chumvi huwasumbua wale kuvu wanaoozesha mbao, kwa hiyo boti inayofanya kazi baharini kila siku inaweza kuwa na mbao nzima kuliko ile iliyoachwa ufukweni masika mzima bila turubai. Na maji yakishapenya, faiba iliyokuwa ikiyazuia kuingia sasa inayazuia kutoka. Wazee wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Maji nayo yana safari hiyo hiyo: yaingilie popote, mwisho yanakusanyika chini, nyuma, chini ya mashine. Ndiyo maana kwenu kunabonyea hapo hapo.

Haya, uchunguzi. Tembeeni pekupeku sakafu nzima na mchore kwa chaki kila mahali panapobonyea. Kisha chukueni nyundo ndogo mgonge polepole. Mbao nzima hutoa mlio mkavu unaorudi sikioni. Iliyooza hutoa mlio mzito uliokufa. Halafu ndiyo drili, biti ya milimita 6. Toboeni ubavuni mwa mhimili, kuanzia nyuma, mahali pa chini kabisa mnapofikia, mkiangalia msiguse ganda la boti. Tazameni unga unaotoka. Ukiwa mkavu na mweupe, mbao ni nzima. Ukitoka mweusi, umelowa na unanuka uozo, mmeshapata jibu. Sogeeni nusu mita kwenda omo, toboeni tena, mpaka mjue ugonjwa umefika wapi. Msisahau ubao wa nyuma unaobeba mashine. Inueni mashine, mmoja aitikise kwa nguvu, mwingine atazame kama ubao unacheza. Kisha toboeni pale pia kwa upande wa ndani. Ubao huo ukiwa umeoza, kazi inaanzia hapo kabla ya sakafu, kwa sababu huo ndio uliobeba mashine. Mkimaliza, matundu yote yazibwe kwa rezini.

Sasa sikia la nyumbani, mdogo wangu. Usiende na majibu mfukoni ukamwambie mumeo “nilikwambia.” Mpe drili aishike yeye, wewe shika kikombe cha kukingia unga. Mwanamume aliyeona uozo ukitoka kwa mkono wake mwenyewe hana haja ya kushindwa na mkewe. Mtaamua pamoja.

Unga ukiwa mkavu kote kwenye mihimili, kateni sakafu iliyooza tu, mpaka mkute mbao safi, mbadilishe kipande hicho. Mihimili ikiwa imelowa, basi fundi wa pili alisema kweli. Kazi hiyo ni kubwa lakini si uchawi, na ukijua hatua zake hutadanganywa.

Kwanza, boti iwekwe sawa juu ya magogo, mkuku umelala vizuri, mbavu zimeegemezwa kote pande mbili. Mihimili ikitoka, ganda linalegea. Likiwa limepinda siku hiyo, mihimili mipya italigandisha hivyo hivyo, na boti itapinda maisha yake yote. Kwa sababu hiyo fundi mzuri hang’oi mihimili yote kwa pamoja. Anatoa mmoja, anarudisha mpya, ndipo anakwenda wa pili.

Pili, vipimo kabla ya msumeno. Afunge uzi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, apime kutoka kwenye uzi kushuka hadi juu ya mhimili, kila nusu mita, aandike. Wewe piga picha kwa simu. Akikata sakafu, aweke kina cha msumeno kiwe unene wa sakafu tu, na aache ukingo wa sentimita 5 hivi kandokando ya ganda, ausafishe baadaye kwa grenda. Fundi anayezamisha msumeno bila kupima anaweza kutoboa boti yenyewe.

Tatu, povu. Mkikuta povu gumu chini ya sakafu, likamueni mkononi. Likitoa maji, litoke lote. Kila lita ya maji ni kilo nzima mliyokuwa mkiibeba na kuichomea petroli. Lakini msiseme “basi tuache wazi.” Katika boti nyingi ndogo, povu hilo ndilo linaloifanya boti ibaki juu hata ikijaa maji. Rudisheni povu jipya la poliyurithani, lile la kuchanganya maji mawili, na muache mfereji wa chini wa kupitisha maji hadi nyuma.

Nne, mbao. Plaiwudi iwe ya boti, yenye gundi isiyoachia kwenye maji. Muhuri wa BS 1088 ni mzuri, ila mihuri hugongwa na kila mtu. Kata kipande, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, ukiache kikauke. Kikifumuka matabaka, kirudishe dukani. Kwa boti kama yenu sakafu ya milimita 12 hutumika sana, au 18 pale mihimili ilipoachana sana. Mbao ziwe kavu kabisa.

Tano, kufunga. Mhimili usikalie ganda moja kwa moja, maana hapo panapogusa panakuwa pagumu, na ganda huja kupasuka kwenye mstari huo. Ulale juu ya puti ya rezini, pembe zijazwe puti iliyolainishwa mviringo, ndipo mati ya faiba ipite juu na kuteremka kwenye ganda sentimita 10 hadi 15 kila upande. Tabaka la pili liwe pana kuliko la kwanza. Ganda hapo lazima liwe limesagwa mpaka faiba safi ionekane, maana rezini haishiki rangi wala mafuta. Sakafu nayo ipakwe rezini pande zote mbili na kwenye kingo zake kabla haijalazwa. Upande wa chini ndio mafundi wa haraka huuruka, kwa kuwa mwenye boti hauoni. Wewe uone.

Hesabu ya rezini ni hii, uijue kabla ya kwenda dukani. Sakafu yenu tuseme ni mita za mraba 6. Mati ya gramu 450 kwa mita, tabaka moja ni kilo 2.7. Mati hunywa rezini kama mara mbili na nusu ya uzito wake, kwa hiyo karibu kilo 7. Mkiweka matabaka mawili juu na moja chini, ni kama kilo 20 za rezini kwa sakafu peke yake. Fundi akikuambia kilo 60 za sakafu, muombe akuonyeshe zinakokwenda. Akikuambia 8, ujue anataka kuipaka tu.

Hadina, ile dawa ya kugandisha rezini, ni gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya rezini. Kwenye joto letu, karibu na 10. Ikizidi, ndoo inachemka na kutoa moshi. Ikipungua sana, faiba haikauki sawasawa hata mngoje mwezi. Na hili nalisema kwa sauti ya juu: hadina ikiingia jichoni inaweza kupofua, kwa hiyo miwani ni lazima. Na hadina isikutane kamwe moja kwa moja na ile dawa ya kobalti inayoharakisha rezini; zikichanganywa zenyewe kwa zenyewe zinaweza kulipuka. Kobalti huchanganywa na rezini kwanza, mpaka iishe kabisa ndani yake, ndipo hadina ifuate. Jiko la mkaa na sigara vikae mbali, na watoto vilevile.

Mwisho kabisa, skrubu. Kila tundu jipya litobolewe kubwa kuliko skrubu, lijazwe puti ya rezini, likauke, ndipo litobolewe tena katikati. Skrubu iume rezini, isiguse mbao. Msipofanya hili, mmenunua uozo mwingine kwa mkopo.

Malipo yafuate kazi. Toeni ya kuanzia, kisha fungu la pili mkishaona mihimili mipya iko wazi imefunikwa faiba, kabla sakafu haijaifunika. Siku hiyo nendeni wote wawili, na ile nyundo ndogo mkononi. Fungu la mwisho ni baada ya boti kukaa majini na kukimbizwa na mashine. Wakati mzuri wa kazi ni kaskazi, hasa Januari na Februari, chini ya banda. Masika muiache. Na kama ganda lenyewe limepasuka, ubao wa mashine umeoza na mihimili yote imekwisha, kaeni mpige hesabu: kuna boti ambazo ni nafuu kuuza mashine yake na kuanza upya. Hakuna aibu hapo.

Nina nafasi ya barua fupi tatu.

Msomaji wa Kilifi anauliza kama aweke mihimili ya mvule au mtiki, kwa kuwa haiozi. Kwa jahazi la mbao, sawa. Ndani ya faiba, hapana. Mbao hizo zina mafuta yake ya asili, na rezini haizishiki vizuri. Faiba itabanduka na kuacha nafasi ya maji. Zile zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa nazo ziache, mara nyingi huuzwa zikiwa bado na unyevu. Plaiwudi nzuri iliyofungwa vizuri inatosha.

Mwingine wa Mafia amekusanya yale maboksi meupe mepesi ya samaki, anataka kuyajaza chini ya sakafu badala ya povu. Kaka yangu, dondoshea kipande tone la rezini uone. Kinayeyuka mbele ya macho yako. Galoni za plastiki zilizofungwa vizuri na kubanwa zisitembee ni afadhali mara mia.

Wa mwisho ni mke wa fundi faiba: mumewe anajikuna usiku kucha, na sasa mtoto naye ameanza. Mdogo wangu, huo ni unga wa kioo. Avue nguo za kazi nje, asiingie nazo chumbani. Aoge maji baridi kwanza bila kujisugua, sabuni ifuate. Nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi wala mashuka. Kazini avae mikono mirefu na barakoa ya vumbi anaposaga. Anapopaka rezini, barakoa ya vumbi haizuii mvuke, anahitaji yenye vichujio vya kemikali. Akikwambia inamzuia kupumua vizuri, mwambie dada amesema mapafu hayana plaiwudi ya kubadilishia.

Niandikieni. Wenye boti zilizobonyea, leteni na matokeo ya drili.